Indiketa kushoto, waipa kulia

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze juu ya gari. Mkifika mwisho mtaona ni mambo yale yale.

Gari langu ni la Kijapani, kama mengi hapa Kenya. Kijiti cha indiketa kiko kulia mwa usukani, cha waipa kushoto. Julai 2019 lilikuwa kwa fundi, nikaazima la rafiki, lililotengenezwa Ulaya. Hilo lilikuwa kinyume: indiketa kushoto, waipa kulia. Tangu tutoke Nakuru, kila nikitaka kukata kona waipa zilianza kukwaruza kioo kikavu. Mimi nilicheka. Mjomba aliyekaa kando yangu, dereva wa malori wa miaka mingi, hakucheka.

Tulifika Kimende jioni, ukungu ukashuka pamoja na manyunyu. Kioo kikawa cheupe. Mkono wangu ukaenda wenyewe kushoto, ukashusha kijiti. Badala ya waipa, ikawaka indiketa ya kushoto. Sasa, wanaosafiri barabara ile wanajua: gari la mbele likikuwashia ya kushoto, linakuambia "pita".

Matatu iliyokuwa nyuma yetu ikapita. Mara taa za trela zikachomoza kwenye ukungu, zinakuja. Nilikanyaga breki, matatu ikajibana mbele yetu, trela likapita likipiga honi.

"Kijana, ni wewe umempa njia," mjomba alisema. "Ingia hapo petroli, tusimame."

Tuliposimama alipitisha kidole kwenye kioo. Maji mengi yalikuwa ndani! Kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliopinda kilikuwa kimewashwa, kwa hiyo hewa ile ile, na pumzi zetu, ilizunguka tu. Akakizima, hewa ya nje iingie. Akaelekeza feni kwenye kioo cha mbele (ile alama ya kioo kilichopinda na mishale mitatu, ya mstatili ni kioo cha nyuma), kisha akawasha kiyoyozi.

"Mjomba, na baridi hii?"

"Si ya baridi. Inakausha hewa."

Kweli, unyevu hugeuka matone ya maji kwenye mabomba baridi ya kiyoyozi na kudondoka chini ya gari. Punde kioo kikawa safi. Tukaendelea polepole na taa za chini, maana taa kubwa kwenye ukungu hukurudishia mwanga machoni.

Kazini nimewahi kumlaumu mtumiaji aliyebonyeza kitufe kisicho chake. Siku ile mtumiaji nilikuwa mimi, na waliotengeneza gari hawakukosea. Mkono wangu ulikuwa umezoea mpangilio mwingine.

Siku hizi nikiazima gari, kabla ya kuliondoa nagusa kila kitu: indiketa, waipa, taa, hazadi, hewa ya kioo. Halafu nafumba macho, nagusa tena. Ni dakika mbili tu. Kitufe ukianza kukitafuta ndani ya ukungu, macho yako yako kwenye dashibodi, na barabara haina mtu wa kuitazama.

Haya, safari njema.