Wageni wa Tope la Bwawa

Msomaji, ukiuliza ni wapi pa kuwatazama ndege wa ufuoni wahamao, yamkini utaelekezwa Mida, karibu na Watamu, ambako maji ya bahari yakupwapo huacha uwanda mpana wa matope, na ndege hushuka kwa wingi kula. Maelekezo hayo ni ya kweli, wala sina haja ya kuyapinga. Lakini nakuomba kwanza unifuate mpaka Kathiani, katika vilima vya Machakos, mbali sana na bahari. Wengi wa ndege hao hawabagui maji ya chumvi na maji ya mvua. Watakacho ni tope laini lenye wadudu, na tope sisi tunalo.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, mwezi wa Oktoba, watu kumi na mmoja wenye darubini mbili. Wengi wetu walikuwa wanafunzi. Miongoni mwetu alikuwamo susu mmoja, ndivyo tumwitavyo nyanya kwa Kikamba, aliyekuja na punda wake kuteka maji na, kwa maneno yake mwenyewe, kuona ni kitu gani kiwezacho kuwaamsha vijana alfajiri pasipo kufokewa. Oktoba kwetu ni mwezi wa kiu. Mvua za vuli hazijaanguka, mito ni michanga mitupu, na bwawa lililo chini ya vilima huwa limenywea hata tope lake jekundu likabaki wazi pande zote. Basi shida yetu ndiyo karamu ya wageni. Wao huwasili wakati ule ule tunapopanga foleni ya mitungi.

Jicho lisilozoea halikuona kitu, kwa kuwa ndege wale wana rangi ya ardhi. Kisha mmoja akatikisa mkia, akautikisa tena, wala hakuacha. Watu wa pwani humwita ndege wa namna ile kitwitwi. Nyuma yake walikuwapo wengine wadogo zaidi, wakikimbia na kudonoa upesi kama sindano ya cherehani. Mwenye kutuongoza alitwambia kwamba mmoja wao ana uzito wa gramu 25 hivi, yaani hafikii nusu ya yai la kuku. Huanguliwa kaskazini ya mbali, katika Norwe na Siberia, mahali ambapo wakati wa kiangazi jua halichwi. Wazazi hutangulia kuondoka; makinda hufuata nyuma, nayo njia hawajapata kuiona. Mafuta ya mwilini ndiyo akiba yao ya safari. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamaa hii, mkubwa kuliko hawa, aliyefungwa chombo cha kutambulisha mahali alipo, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilometa 13,560 kwa siku kumi na moja, bila kutua. Hawa wadogo wetu hawana nguvu hizo. Lazima watue njiani, wale, wanenepe, ndipo waendelee.

Susu alipopewa darubini aliishika muda mrefu, kisha akasema, "Huyu anakula shamba langu."

Tulicheka, yeye hakucheka. Tope lile lilitoka vilimani, akatueleza, na baadhi yake lilitoka katika ardhi ya mumewe. Msomaji, huenda umesoma habari za Machakos ya miaka ya 1930, nchi iliyomomonyoka hata serikali ya kikoloni ikaamuru ng'ombe wapunguzwe, na Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwenda Nairobi mwaka 1938 kulalamika. Ng'ombe wakasalimika, lakini udongo uliendelea kushuka. Uliozuiwa ulizuiwa kwa jembe: watu walichimba matuta, yale yaitwayo fanya juu kwa sababu udongo hutupwa upande wa juu wa mfereji, nao wakafanya kazi kwa mwethya, jirani akimsaidia jirani. Susu aliyachimba akiwa bibi arusi.

Msichana mmoja akamwuliza, "Susu, matuta yangeshika udongo wote, ndege hawa wangekula nini?"

"Na udongo wote ungeshuka, wewe ungekula nini, mjukuu wangu?"

Kwa maoni yangu wote wawili walisema kweli, ila swali la msichana lina jibu jepesi zaidi. Bwawa lililojaa udongo halishiki maji. Hugeuka nyasi, na kitwitwi mwenyewe hulihama. Yeye hahitaji udongo mwingi. Ahitaji ukingo uteremkao polepole, ili kila maji yanapopungua pabaki ukanda mwembamba wa tope. Kingo zikichongwa wima kama kuta, au sukuma wiki ikipandwa hadi mdomoni mwa maji, hana pa kusimama, hata bwawa liwe pana namna gani. Najua kwamba aliyepanda sukuma wiki hiyo ana watoto wa kulisha. Hata hivyo hatua chache za ukingo, upande mmoja tu wa bwawa, sidhani ni kodi nzito.

Susu alirudisha darubini, akamshika punda wake kamba. Njia yake ya kila siku ilipita pale pale penye ndege. Alisimama kidogo, akazunguka kwa upande wa pili, kwenye miamba, naye msichana akaendelea kuhesabu. Walikuwa ishirini na watatu.