Boksi linasema wati 12,000, nyuma imeandikwa 60

Mitaani kuna ugonjwa mmoja: mtu akienda kununua mziki wa nyumbani, jicho linakimbilia namba kubwa kuliko zote kwenye boksi. Sifuri zikiwa nyingi, basi anaona huo ndio mziki. Muuzaji naye analijua hilo vizuri.

Kuna jamaa mmoja wa Temeke nusura yamkute. Kila Jumamosi alikuwa anashinda baa kisa mziki, anarudi usiku wa manane mfuko mtupu. Mkewe akaona isiwe tabu, akamwambia, "Baba watoto, huo mziki ulete nyumbani tusikilize wote." Wakabana matumizi miezi sita, ikapatikana laki nne. Zaidi ya hapo hakuna, maana Januari ada ya mtoto ilikuwa inawasubiri.

Wakaingia Kariakoo. Jamaa akakamata sabufa yenye boksi la kung'aa, wati 12,000, bei laki nne kasoro kidogo. Keshaanza kuhesabu noti, mkewe akaigeuza mashine na kusoma kibandiko pale waya wa umeme unapoingilia: wati 60. Akauliza, "Sasa hii inakula wati 60, hizo 12,000 inazitoa wapi?"

Muuzaji akacheka tu. Na kweli, hata soketi ya ukutani ya volti 230 na ampea 13, mwisho wake ni kama wati 3,000. Hizo elfu kumi na mbili zinaitwa PMPO, namba ya kuuzia. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kuchoka.

Wakatoka mikono mitupu, wakaenda kwa mzee mmoja fundi redio wa mtaani kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sebule yenu ina ukubwa gani?"

Jamaa akashangaa, alidhani ataulizwa ana shilingi ngapi. Sebule ni mita nne kwa tatu. Fundi akasema hapo wati 30 za ukweli kila upande zinatosha na kubaki. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, na sikio linaona tofauti ndogo. Kwa hiyo hela nyingi iende kwenye spika. Halafu angalieni omu: amplifaya inayotaka spika za omu 8, ukiipa za omu 4 itachemka. Na kamwe msiifungulie mpaka sauti ikwaruze, hapo ndo twita zinapoungua.

Wakapata spika mbili za mbao za mtumba na amplifaya ndogo, vyote laki mbili na themanini. Kabla ya kulipa fundi akabonyeza koni taratibu kuona kama zinakwaruza, akakagua ile sponji ya pembeni kama haijaoza, kisha akamwambia jamaa aweke wimbo anaoujua mwenyewe.

Laki moja na ishirini iliyobaki ikaenda kwenye ada.

Baa jamaa bado anaenda, hasa siku za mechi. Ila Jumamosi nyingi siku hizi yupo sebuleni, mama watoto ndo anachagua nyimbo, na jirani hajawahi kugonga ukuta.