Siku ya Bonde la Ruaha

Mwaka 1983 petroli ilikuwa ya kupangia foleni, tairi za mabasi adimu, na vita dhidi ya wahujumu uchumi imepamba moto. Kwa hiyo vijana watatu tulipoamua kutoka Iringa kwenda Morogoro kwa baiskeli, hakuna aliyetuona wendawazimu. Walituuliza tu kama tuna viraka vya kutosha. Mengi ya safari ile yamenitoka, ila siku ya bonde la Ruaha naikumbuka karibu kona kwa kona.

Tuliondoka Ilula alfajiri, tumevaa sweta. Kitonga ndio mlima uliotutia hofu. Pale barabara imechongwa ubavuni: huku mwamba, huku korongo. Baiskeli zetu zilikuwa Phoenix zenye breki za vyuma, mizigo imefungwa kwenye karia kwa mipira ya tyubu. Tulishuka kwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, na kila baada ya kona kadhaa tukasimama ringi zipoe, maana zilichoma vidole. Malori ya Zambia yalipanda kwa gia ya kwanza, polepole mno hata utingo alitembea kwa miguu pembeni, amebeba gogo la kuzuia tairi. Tulipofika chini, joto lilitufanya tuvue sweta bila kuambizana.

Ruaha Mbuyuni tulipumzika kwa mzee mmoja aliyetupa ubuyu na maji. Tulimpa shikamoo, naye akatuita wanangu tangu neno la kwanza. Alisema zamani kiangazi kikikolea mto ulisinyaa, lakini tangu bwawa la Mtera likamilike mwaka 1980, maji yanakuja hata Agosti. Huko juu yanahifadhiwa, kisha yanaachiwa yakazungushe mitambo ya Kidatu. “Siku hizi mto unafunguliwa kama bomba,” alisema.

Tulipoendelea, bonde likajibana. Kulia ulikuwa mto, na ng'ambo yake milima ya Udzungwa. Kushoto mibuyu imepanda mteremko mpaka juu, mikubwa kwa midogo, haina jani hata moja. Aliyepita pale kwa gari anaijua mibuyu hiyo. Sauti ya mto haijui. Penye mawe ulinguruma hata tukazungumza kwa kupaza sauti; penye kina ulinyamaza ghafla, na hapo ndipo tulipoonywa tusichote maji, kwa sababu ya mamba. Nyani walikaa katikati ya lami, nasi ndio tuliowapisha.

Jioni mto ulituacha, ukakata kusini kuelekea Kidatu, barabara ikaanza kupanda kwenda Mikumi. Tulilala kwenye kijiji kidogo kando ya barabara, tukaziba pancha kwa mwanga wa koroboi. Sehemu kubwa ya umeme wa Dar es Salaam wakati ule ilitoka Kidatu, kwa maji yaleyale tuliyofuatana nayo mchana kutwa, na watu waliolala wakiyasikia hawakuwa na taa. Liliniuma jambo hilo, na linaniuma mpaka leo.

Mwenyeji wetu hakulalamika. Asubuhi aliuliza kama Morogoro mafuta ya taa yanapatikana, kisha akatukabidhi chupa tupu na pesa, tumletee tukirudi.