Mwaka wa kumbukumbu Kilimanjaro: Siku za kumpeleka mtoto mlimani

Historia ya Kilimanjaro haikai katika jengo moja lenye tiketi mlangoni. Iko chini ya mti Old Moshi, kwenye mfongo unaopita nyuma ya shamba la babu, kwenye gunia la kahawa, na kwenye makaburi yaliyo katikati ya migomba. Haifunguliwi kila siku pia. Ina siku zake, na mzazi anayezijua anaweza kumfundisha mtoto kwa mwaka mmoja mambo ambayo kitabu cha shule huyapitia kwa ukurasa mmoja.

Familia nyingi za Dar es Salaam, Arusha na hata Nairobi zenye asili ya Kilimanjaro huenda Moshi mara moja tu kwa mwaka, Desemba. Watoto hula, hucheza, hupiga picha na kurudi mjini. Wengine hufika darasa la saba wakijua urefu wa mlima, mita 5,895, lakini hawajui babu wa babu yao alitoka kijiji gani. Ratiba ifuatayo ni kwa ajili yao, na hata kwa familia isiyo na kihamba mlimani lakini inayotaka kuielewa nchi yake.

Machi 2: Old Moshi

Mwishoni mwa Februari mji wa Moshi hufurika watu kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro Marathon. Hoteli hujaa na barabara hufungwa. Siku chache tu baadaye, Machi 2, watu wachache zaidi hukusanyika Tsuduni, Old Moshi, kumkumbuka Mangi Meli. Familia iliyokuja kwa mbio ikibaki siku hizo chache zaidi, itapata safari mbili kwa nauli moja.

Old Moshi ndiyo Moshi ya kwanza. Wajerumani walijenga ngome yao huko mlimani, na reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji ulikua kandokando ya stesheni. Jina likashuka na reli, na mahali pa zamani pakabaki kuitwa Old Moshi.

Meli alirithi kiti cha baba yake, Mangi Rindi, aliyefariki mwaka 1891. Mwaka uliofuata wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akafa. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi na safari hiyo Meli akashindwa. Machi 2, 1900, alinyongwa kwa tuhuma za kupanga uasi. Kumbukumbu hutaja watu 19 walionyongwa siku hiyo, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho.

Mtoto mkubwa anaweza kuambiwa na sehemu nyingine ya ukweli huu: wamangi walishindana wao kwa wao, na Wajerumani waliutumia vizuri ushindani huo. Historia inayosimulia mashujaa peke yao haimsaidii mtoto kuelewa ni kwa namna gani watu wachache kutoka mbali waliwatawala wengi.

Tsuduni mgeni huonyeshwa mti unaotajwa kuwa ndio alionyongewa Meli, na pamewekwa sanamu yake. Jambo linalowagusa watu zaidi ni kwamba kaburi lake halijakamilika. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, kama mafuvu mengi ya Waafrika yaliyopelekwa Berlin enzi hizo kwa ajili ya kile kilichoitwa utafiti. Mjukuu wake, Isaria Anaeli Meli, alidai kwa miongo mingi kichwa hicho kirudishwe, na mwaka 2018 alitoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu yaliyohifadhiwa huko.

Septemba 2023, taasisi ya Berlin inayoyatunza mafuvu hayo ilitangaza kuwa matatu yamepatikana na ndugu walio hai hapa Tanzania. Moja lilitambuliwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo matatu.

Je, habari ya kunyongwa inamfaa mtoto wa miaka sita? Si yote. Mwambie tu kwamba kiongozi aliuawa na wageni waliotaka ardhi yake, na kwamba familia yake bado inamtafuta ili imzike. Mtoto mdogo anaelewa vizuri kabisa maana ya kumtafuta ndugu. Yaliyobaki atayauliza mwenyewe akikua.

Aprili na Mei: mvua na mifongo

Masika si wakati wa watalii. Njia za udongo huteleza na mlima hujificha mawinguni wiki nzima. Hata hivyo huu ni wakati mzuri wa kumwonyesha mtoto mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, na kwa nini babu zake waliona umuhimu wa kuutunza.

Wachagga walichimba mifongo kutoka vijito vya juu, wakaipitisha kwenye kingo za vilima hadi mashambani bila pampu wala vyombo vya kisasa vya kupimia mteremko. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, kwa kawaida ukoo wa aliyeuchimba, na ulikuwa na taratibu zake: zamu ya maji, siku ya kuusafisha na kuukarabati pamoja, na adhabu kwa asiyetokea. Ni mkutano wa kijiji wa zamani kuliko ofisi yoyote ya kijiji.

Baadhi ya mifongo bado inatiririka, mingine imekauka au imeachwa. Juu kabisa, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kibo mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na msitu uliokatwa hautunzi maji kama zamani. Mtoto akitembea kando ya mfongo na mzee anayeujua, atasikia majina ya watu waliouchimba.

Anayetaka kuona mfumo wote mahali pamoja aende Shimbwe Juu, kwenye mashamba ya kihamba yanayotambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo. Miti mirefu iko juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na magimbi chini kabisa. Ng'ombe yuko bandani, na samadi yake hurudi shambani.

Julai: kahawa

Mavuno ya kahawa yakianza, likizo ya katikati ya mwaka huwa karibu yake, na hii ndiyo safari rahisi kuliko zote kwa watoto. Materuni, huko Uru, wenyeji huwafundisha wageni kumenya, kukaanga na kutwanga kahawa kwenye kinu huku wakiimba. Mtoto wa mjini anayedhani kahawa hutoka kwenye kopo atajionea mwenyewe inakotoka.

Nyuma ya kinu hicho kuna siasa. Kahawa ilipandwa katika misheni ya Kilema mwaka 1898. Wachagga walipoanza kuilima wenyewe, baadhi ya walowezi walitaka wazuiwe, kwa maelezo kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya mimea. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa KNCU mwaka 1933, moja ya vyama vikuu vya kwanza vya ushirika vya wakulima Waafrika.

Jengo la KNCU bado lipo katikati ya mji wa Moshi. Simama nalo mtoto dakika tano, umwambie kwamba ada za shule za kizazi kizima zilitokana na kahawa iliyouzwa kupitia hapo. Katika familia nyingi yupo mwalimu, nesi au mhandisi aliyesomeshwa na miti mia moja ya kahawa. Ulizeni nyumbani alikuwa nani.

Oktoba: majina ya mlimani

Oktoba 6, 1889, Hans Meyer kutoka Ujerumani na Ludwig Purtscheller kutoka Austria walifika kilele cha Kibo. Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, mwenyeji aliyewaongoza mlimani. Kwa muda mrefu vitabu viliwataja wageni wawili, na waliobeba mizigo na kujua njia wakaachwa bila majina.

Familia haihitaji kupanda hadi kileleni ili ijifunze jambo hili. Inatosha kufika lango la Marangu na kutembea msituni kadiri miguu ya watoto inavyoruhusu. Njiani, waulize vituo vinaitwaje. Cha kwanza ni Mandara, jina jingine la Mangi Rindi. Cha pili ni Horombo, mangi maarufu wa Rombo aliyejenga ngome za mawe Keni. Zamani vituo hivyo viliitwa Bismarck na Peters, na kilele kilibeba jina la mfalme wa Ujerumani. Leo kinaitwa Uhuru, na ndiko Alexander Nyirenda alikosimika mwenge na bendera Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 9, 1961. Mtoto akiyajua majina haya mawili mawili, la zamani na la sasa, ameshajifunza ukoloni na uhuru bila kufungua daftari.

Kwa wadogo ipo hadithi ya Kibo na Mawenzi. Mawenzi, mvivu wa kutunza moto wake, alikuwa akienda kwa Kibo kuomba kaa. Siku moja Kibo akachoka, akamchapa kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi ana kichwa kilichochongoka na kuvunjikavunjika. Isimulieni mkiwa mahali ambapo vilele vyote viwili vinaonekana, asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda.

Desemba: kikao cha nyumbani

Miaka ya 1950, chini ya Mangi Mkuu Thomas Marealle, kulikuwa na Siku ya Wachagga, yenye bendera na wimbo wake. Baada ya uhuru utawala wa machifu ulifutwa na sherehe hiyo ikaisha. Desemba ndiyo iliyobaki. Mabasi hujaa, magari hupanga foleni, na tangu treni ya Dar es Salaam hadi Moshi irudi mwaka 2019, familia nyingine husafiri kwa reli ileile ya wakoloni.

Nyumbani kuna mtori, kiburu, nyama ya mbuzi na, kwa wakubwa, mbege. Kuna pia mambo mazito. Mara nyingi huu ndio wakati wa kikao cha ukoo: magomvi husuluhishwa, posa hujadiliwa, mipaka ya kihamba hupitiwa. Hapo mtoto aonyeshwe isale, mmea unaooteshwa mpakani na unaotumwa kwa mtu kuomba msamaha. Aliyepelekewa isale kwa heshima hakatai kirahisi kusamehe.

Kikao hicho hakipaswi kuwaacha mabinti nje. Mila ilimpa mtoto wa kiume kihamba, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Binti anayekaa pembeni akiosha vyombo wakati kaka yake anaonyeshwa mipaka naye anajifunza historia, ila anaambiwa si yake.

Kisha tembeeni hadi makaburini, yaliyo palepale kihambani. Someni majina. Kama kaburi halina jina, ulizeni mwenye kumbukumbu angali hai.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chagueni siku mbili tu kwa mwaka wa kwanza. Familia inayotaka zote tano kwa mpigo itaishia kuchoka na kugombana njiani.

Tafuteni mwenyeji kabla hamjafika, awe mzee wa ukoo, mwalimu au mwongoza wageni wa kijiji, na mwulizeni mapema taratibu na gharama. Msiingie kwenye shamba au makaburi ya watu bila kubisha hodi, na msipige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Vaeni viatu visivyoteleza na mchukue sweta hata kama Moshi mjini ni joto, kwa sababu juu ya Old Moshi na Marangu jioni huwa baridi.

Mpeni mtoto swali moja la kubeba, si kumi. Machi: nani alinyongwa na kwa nini? Julai: nani katika ukoo wetu alisomeshwa na kahawa? Desemba: jina la mama yake bibi ni nani?

Na simu ile ile inayotumika kusoma ukurasa huu ina kinasa sauti. Bibi akianza kusimulia, iwekeni mezani, mwandike tarehe na jina lake, na mumwache aseme kwa Kichagga chake, cha Vunjo, Machame au Rombo, hata kama watoto hawaelewi kila neno. Tafsiri inaweza kufanywa baadaye. Sauti yake haiwezi kurekodiwa baadaye.