Zaburi ya Ngurumo

Jioni ile mvua ilinyesha Kinyala kama kawaida yake, ngurumo zikitokea upande wa Mlima Rungwe. Babu akafungua Biblia, akatusomea Zaburi ya 29. Ni wimbo wa aya 11 tu, lakini sauti ya Mungu imetajwa humo mara 7, ikivunja mierezi na kutetemesha jangwa. Alipomaliza akasema, "Huyo ndiye Daudi, wajukuu zangu."

Mimi na kiherehere changu nikadakia. Nilikuwa nimeazima kitabu cha ufafanuzi wa Agano la Kale, kichwa kimejaa.

"Babu, wapo wataalamu wanaosema wimbo huu ni wa zamani kuliko Daudi. Tena mwanzoni aliimbiwa Baali."

Bibi kaacha kumenya ndizi. Kimya.

Nikajieleza. Mwaka 1928 mkulima mmoja katika pwani ya Syria aligonga kaburi la kale akilima. Wachimbaji wakafukua mji wa Ugarit, ulioangamia yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo, na vibao vya udongo vyenye mashairi ya Baali, mungu wa radi na mvua. Mwaka 1935 mtaalamu H. L. Ginsberg akatoa hoja kwamba Zaburi ya 29 asili yake ni wimbo wa Wafoinike. Tazama milima yake: Lebanoni na Sirioni, kaskazini kabisa, mbali na Yerusalemu. Wengine wakampinga. Wimbo wenyewe haujaonekana katika vibao vile, na huenda mshairi Mwebrania alitumia maneno ya jirani makusudi, kusema radi si mali ya Baali.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo miaka yote hii nimemwimbia Baali?"

Hapo nikakosa la kusema. Huyu ni mzee wa kanisa, bwana. Zaburi hiyo ndiyo aliyosoma tulipomzika baba yangu.

Akaendelea taratibu. "Kwa Kinyakyusa Mungu tunamwitaje?"

"Kyala."

"Wamisionari walifika huku 1891. Jina hilo walilikuta. Wazee wetu walikuwa wakimtambikia Kyala, mmoja wa mashujaa wa kale. Wakalichukua, likaingia kanisani. Nikiomba leo, namwita nani?"

Nilikuwa nimekwisha kusoma habari hiyo kwa Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930. Nilisoma, nikapita. Sikuwahi kufikiri inamhusu babu akipiga magoti.

Kuhusu umri wa Zaburi ile, mimi bado niko upande wa Ginsberg, na babu yuko upande wa Daudi. Tunabishana kila masika. Lakini ile riwaya yangu niliyoichana kwa sababu ilianza na hadithi ya bibi, nikaogopa wataniambia si yangu, nimeianza upya. Hadithi ya bibi iko palepale, ukurasa wa kwanza.