Wati za Kwenye Boksi na Wati za Kwenye Spika

Sabufa ya sebuleni inayouzwa Kariakoo kule Dar es Salaam, au Luthuli Avenue kule Nairobi, huweza kuandikwa kwenye boksi wati 5,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Ukigeuza kifaa chenyewe ukasoma kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, unakuta kinavuta wati 60 ukutani. Amplifaya haizalishi umeme, inatumia ule inaopewa. Kwa hiyo muziki unaotoka hapo kwa mfululizo hauwezi kuzidi wati hizo 60, na sehemu yake inapotea kama joto. Zile 5,000 ni hesabu ya kufumba na kufumbua isiyo na kipimo kinachokubalika, na anayeilipia ni mnunuzi.

Marekani walipitia hali hiyohiyo. Kila kampuni ilijitangazia wati kwa kipimo chake, hadi mwaka 1974 tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilipoweka kanuni: atakayetangaza wati ataje wati za mfululizo, kwa spika ya omu ngapi, kwa mawimbi ya kuanzia wapi hadi wapi, na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Kabla ya kupimwa, amplifaya ilitakiwa ifanyishwe kazi saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake. Theluthi moja inaonekana kidogo, kumbe amplifaya ya darasa AB huchemka zaidi hapo kuliko inapopigwa hadi mwisho. Viwanda vikalazimika ama kuongeza hitisinki, yaani alumini ya kupoza joto, ama kupunguza namba. Sharti la theluthi lililegezwa baadaye, lakini kanuni yenyewe ipo, na mwaka 2024 ilirekebishwa ili wati zote zipimwe kwa msingi mmoja: omu 8, hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji chini ya asilimia 1.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi ughaibuni na kupenda muziki, hapo ndipo tofauti ya kwanza inapojitokeza. Penye kanuni kama hiyo, wati 100 ni wati 100. Na anayeamua kujijengea amplifaya mwenyewe anaanza na namba anazoweza kuziamini.

Desturi ya kujijengea ina mizizi mirefu huko. Mwaka 1947 D. T. N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya ya valvu kwenye jarida la Uingereza la Wireless World. Ilitoa wati 15, na wati 15 zilitosha kabisa sebule ya wakati ule. Marekani, Heathkit na Dynaco waliuza vifurushi vyenye bati, transfoma, vipuri na kitabu cha maelekezo ya hatua kwa hatua, na Dynaco ST-70 ya mwaka 1959 hadi leo inatengenezwa upya na kuthaminiwa. Maduka mengi ya mtaani ya vipuri yamekwisha kufa. Maplin, iliyokuwa kimbilio la wajenzi wa Uingereza, ilifunga maduka yake mwaka 2018. Siku hizi mtu anaagiza kwa kompyuta kutoka Digi-Key kule Minnesota au Farnell kule Leeds, na transista inafika baada ya siku chache ikiwa kwenye mfuko wenye namba ya toleo inayoweza kufuatiliwa hadi kiwandani.

Kisha anakaa peke yake na kazi yake. Akikwama usiku hana kibanda cha fundi cha kukimbilia, na akitafuta mtaalamu, ada ya kufungua kifuniko tu inaweza kuzidi thamani ya kifaa.

Nyumbani mambo ni kinyume. Fundi redio yupo karibu kila mtaa, ana pasi ya risasi, mita ya mkononi, na kumbukumbu ya saketi mamia alizokwisha kuzifungua. Redio ya deki mbili ikinyamaza, anajua kabla ya kuifungua kwamba huenda STK imeungua, ile moduli nyeusi ya Sanyo iliyobeba sehemu yote ya nguvu. Transfoma ikiungua, yupo anayeisuka upya kwa mkono, akihesabu mizunguko ya waya wa shaba. Boksi la chuma litachongwa Gerezani kule Dar es Salaam au Gikomba kule Nairobi kwa kipimo chochote atakachotaka mteja. Mjenzi wa Leicester kule Uingereza anayesubiri wiki kadhaa kupata bati lililotobolewa angeona maajabu.

Kinachomwangusha fundi huyu ni kipuri. Chukua jozi maarufu sana katika amplifaya za nguvu, Toshiba 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Karatasi ya kiwanda inasema kila moja inahimili volti 230, ampea 15 na joto la wati 150. Kwenye maduka ya vipuri zimejaa zilizoandikwa maneno hayohayo, zikiwa na umbo hilohilo, ila ndani zina kipande cha silikoni kilicho kidogo mno kwa kazi hiyo. Mita ya kawaida haiwezi kuzitofautisha, kwa sababu inapima kwa mkondo mdogo sana. Fundi anafunga, anawasha, muziki unalia vizuri. Sherehe inapokolea, volyumu inapopanda, transista inapiga shoti kwa ndani na kuachia volti za moja kwa moja ziende kwenye spika. Koili ya spika inaungua, lawama anabebeshwa fundi.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupendelea kuchinja amplifaya kuukuu za Kijapani zilizoingia na mitumba. Ndani ya Kenwood au Technics iliyokufa transfoma, mara nyingi transista za Toshiba au Sanken bado ni nzima, na ni za kiwanda kweli. Atakayenunua mpya bila kujua asili yake anaweza kuvunja moja kwa nyundo na kutazama ukubwa wa kile kipande cha ndani, akilinganisha na halisi iliyoungua. Inagharimu transista moja na kuokoa spika mbili.

Jambo la pili linalotofautisha kule na huku ni umeme wa ukutani. Uingereza umeme wa kawaida ni volti 230 na sheria inauruhusu kucheza kati ya 216 na 253. Tanzania nayo ni volti 230 kwenye karatasi. Ila mitaa iliyo mbali na transfoma ya shirika la umeme, TANESCO, hushuka sana jioni watu wakiwasha pasi na majiko, na umeme ukirudi baada ya kukatika huweza kuruka juu kwa muda.

Hesabu yake inafaa kufanywa kabla ya kununua kitu chochote. Transfoma yenye matoleo mawili ya volti 35 huleta, baada ya daraja la dayodi na kapasita, takriban volti 48 upande chanya na 48 upande hasi. Ukitoa volti chache zinazobaki kwenye transista, spika ya omu 8 inapata karibu wati 120. Umeme wa ukutani ukishuka hadi volti 180, zile 48 zinakuwa kama 37, na wati zinaporomoka hadi 70 hivi. Msikilizaji anaongeza volyumu kufidia, amplifaya inakata vilele vya mawimbi, na twita zinaungua. Ukipanda hadi 260, zile 48 zinakaribia 55. Kapasita za volti 50, ambazo mjenzi wa Ulaya angeziona zinaelekea kutosha, zinaweza kuvimba na hata kupasuka. Kwa hiyo nyumbani zinafungwa za volti 63 au zaidi, na mbele ya amplifaya inawekwa stabilaiza yenye uwezo wa kweli.

Anayerudi na amplifaya kutoka Marekani ana tatizo jingine. Kule umeme ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Transfoma ya kushusha volti hutatua la kwanza tu, maana mzunguko wa hezi 50 haubadiliki. Transfoma iliyobanwa kwa ajili ya hezi 60 peke yake itavuma na kupata moto zaidi ikipewa 50. Anayejenga mwenyewe huepuka haya yote kwa kuagiza transfoma yenye nyaya mbili za kuingizia za volti 115 kila moja: zikiungwa sambamba inafanya kazi Chicago, zikiungwa mfululizo inafanya kazi Mwanza, mradi imeandikwa hezi 50/60.

Kisha lipo joto. Amplifaya yenye volti 48 kila upande na spika ya omu 8 inaweza kumwaga hadi wati 58 za joto kwa chaneli moja inapofanya kazi mahali pabaya zaidi. Ukifunga spika ya omu 4, joto hilo linazidishwa mara mbili. Hitisinki iliyokokotolewa kwa chumba cha London chenye nyuzi 20 haitoshi sebule ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32, ambako kabati limefungwa vioo na kitambaa cha kufuma kimetandikwa juu ya matundu ya hewa. Aina ya muziki nayo ina uzito. Dansi la zamani lina nafasi za kupumua kati ya gitaa na tarumbeta. Singeli, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika na besi isiyokatika, huifanyisha amplifaya kazi mfululizo. Anayejenga kwa ajili ya Tandale aongeze alumini, na feni kubwa ya mwendo wa polepole si anasa. Pwani aongeze wavu, maana mende na mijusi hupenda saketi yenye joto.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, fundi wa Kariakoo na mjenzi wa Leeds wanafanya kitu kilekile. Wanaunga balbu ya kizamani, ile ya waya unaowaka, katika mfululizo na waya wa umeme. Spika haijafungwa bado. Swichi inabonyezwa: balbu inamulika ghafla, kwa sababu kapasita zinajaa, kisha inafifia taratibu hadi waya wake unabaki mwekundu kidogo au unazimika kabisa. Hapo saketi ni salama kuendelea nayo. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mahali pamegusana, na balbu imekwisha kuokoa transista. Baadaye inapimwa volti kwenye matundu ya spika, ambayo inatakiwa iwe ndogo, chini ya milivolti 50. Kisha bayasi, yaani mkondo wa transista pasipo muziki, inarekebishwa: juu ya rezista ya omu 0.22 mita ikisoma milivolti 11, mkondo ni miliampea 50. Inaachwa ipate joto, inapimwa tena.

Hapa mjenzi wa ughaibuni ana faida moja kubwa, waya wa ethi unaofanya kazi. Boksi lote la chuma linaungwa kwenye ethi ya ukutani, na plagi ya Kiingereza ina fyuzi yake ndani. Nyumbani plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa, ila katika nyumba nyingi tundu la tatu halijaungwa popote, au fimbo ya ethi imezama kwenye mchanga mkavu. Kabla ya kuweka amplifaya ya chuma ndani ya nyumba yenye watoto, fundi umeme aitwe apime ethi. Na baada ya kuchomoa plagi, kapasita kubwa bado zimeshika umeme: kutoka chanya hadi hasi ni volti 96. Zimalizwe kwa rezista, si kwa bisibisi.

Ikikamilika, matumizi yake nayo yanatofautiana. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, mtu akiwa mita moja mbele yake, hutoa 110 kwa wati 100. Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu. Uingereza, sheria ya kelele ya mwaka 1996 inampa ofisa wa halmashauri mamlaka ya kupima sauti ndani ya nyumba ya jirani anayelalamika, kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi, na chombo kinaweza kuchukuliwa. Kiwango kwenye nyumba tulivu ni desibeli 34, karibu sawa na mnong'ono. Tanzania nayo ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya baraza la mazingira, NEMC, ila amplifaya ya nyumbani huku ni mali ya mtaa: itaazimwa kwenye kitchen party, kwenye msiba, kwenye fainali ya mpira. Mjenzi wa Leicester anatafuta upotoshaji wa asilimia 0.01 akiwa peke yake na kiti chake. Fundi wa Manzese anatafuta chombo kitakachopiga saa nane mfululizo bila kukata. La fundi ni gumu zaidi.

Kwa hiyo ndugu wa ughaibuni wanaotuma sabufa zilizokamilika kwa meli wangefanya la maana zaidi kutuma vile ambavyo fundi hapati: transista halisi za C5200 na A1943 kutoka kwa wakala anayetambulika, kapasita za volti 63, rilei za kulinda spika, maika za kuhami transista na girisi ya joto, na mita inayosoma milivolti kwa usahihi. Vyote vinaingia kwenye begi la mkononi, na transfoma inasukwa palepale. Bati litachongwa Gerezani, risasi itashikwa na mkono wenye uzoefu, na kwenye kibandiko cha nyuma ziandikwe wati 120 kwa omu 8, mfululizo, ili anayeinunua ajue anachopeleka nyumbani.