Mchango wa Siku Kumi

Wazee wetu husema, haraka haraka haina baraka. Neno hili ni la kweli, nasi tumelifundisha darasani mara nyingi. Lakini iko haraka nyingine itokayo kwa Mungu, nayo ni haraka ya mtu asikiaye jirani yake akilia usiku. Haraka hiyo yahitaji kuongozwa, isije ikaharibika. Sisi tuandikao haya tulijifunza jambo hilo mwaka 2023 hapa Bukavu, tena tulijifunza kwa aibu.

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei mwaka ule, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, upande wa kaskazini wa mji wetu. Mito ikafurika, ikashuka na matope na mawe, ikavifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kuelekea ziwa Kivu. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wengi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei nchi nzima iliomboleza.

Alhamisi iliyofuata padri wetu alituita watu saba, akatuambia: "Jumapili ya tarehe 21 tufanye siku ya mchango kwa ajili ya ndugu zetu wa Kalehe. Mwalimu atakuwa mwandishi." Siku kumi tu!

Tukachukua daftari, tukaandika kwa mwandiko mzuri: kukodi ukumbi, kukodi vipaza sauti, kuchapa barua za kuwaalika wakubwa wa mji, soda na nyama za wageni. Tulipojumlisha tuliona kwamba zahitajiwa dola 380 kabla ya kupata hata moja. Mmoja wetu akasema tukope. Nasi, tusifiche, tulipendezwa. Maana tulikwisha kujiona tumesimama mbele ya wakubwa wale, tukisoma hotuba.

Katika kamati alikuwamo mama mmoja mjane, muuza sambaza katika soko la Kadutu. Alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mwalimu, kule Kalehe watu wanalala wapi leo?"

"Wengine shuleni, mama, wengine kwa jamaa zao."

"Basi soda hizi ni za nani?"

Hakuna aliyejibu. Naye akaendelea bila kupandisha sauti: "Mimi sina dola, lakini nina sufuria mbili. Moja yanitosha. Kila nyumba ina kitu cha namna hiyo. Tuombe kilichomo nyumbani, tusiombe kisichokuwamo."

Tukaufuta ukurasa mzima. Kila shirika la Wakristu likapewa kitu kimoja cha kukusanya, ili vitu vyote visifanane: hili maharagi, lile sabuni, jingine nguo, jingine sufuria na sahani. Kila kazi ikapewa mtu mmoja kwa jina lake, na siku yake ya kuimaliza. Maana kazi ya wote mara nyingi haina mwenyewe. Watoto wa shule wakapeleka habari nyumba kwa nyumba, wakipanda na kushuka vilima vyetu. Wanakwaya wakakubali kuimba bure uani pa kanisa. Na vitu visivyoweza kusafiri, yaani kuku, ndizi na mboga, tuliamua kuvinadi baada ya Misa. Sanduku la fedha likatiwa kufuli mbili, na funguo zikawekwa kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Mama yule akaongeza sheria moja: "Katika mnada, asiyelipa papo hapo asichukue."

Jumapili ikafika, na mvua nayo ikafika. Tulikimbilia madarasani pamoja na kuku na mikungu ya ndizi. Makelele yakawa mengi, na furaha pia. Mzee mmoja alinunua yai kwa faranga 5,000, akalirudisha linadiwe tena. Yai lile likauzwa mara nne.

Ndipo alipoletwa jogoo mwekundu. Wanafunzi wetu walikuwa wakitutazama. Mtu mmoja akataja faranga 20,000. Sisi tukataja 25,000. Akataja 30,000, sisi, kwa sauti ya kusikika na wote, tukasema 40,000! Watu wakapiga makofi. Mfukoni tulikuwa na faranga 6,000, na mshahara ulikuwa haujafika. Lakini kwa kuwa daftari lilikuwa mkononi mwetu, tuliandika kwa herufi ndogo, "deni, 40,000," tukaondoka na jogoo kwapani.

Juma lile mizigo ilipelekwa kwa mashua. Watu watatu waliisindikiza, wakarudi na karatasi yenye sahihi za waliopokea. Jumamosi kamati ilikutana kupanga hesabu ya kusomwa kanisani. Tulishauri kwa upole kwamba tusome jumla tu, watu wasichoke. Mama akalifungua daftari. Maneno aliyasoma kwa shida, lakini tarakimu alizijua kuliko sisi. Kidole chake kikasimama juu ya 40,000.

"Soma yote, mwalimu," akasema. "Wakiuliza habari za sufuria yangu, waulize na habari za jogoo wako."

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikumbuka kwamba Mtume Paulo, alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuishughulikia peke yake, bali aliwaweka wenzake pamoja naye katika kazi hiyo, asije akalaumiwa na mtu. Habari hizo tulijifunza seminarini, tukafanyiwa mtihani, tukapata maksi nzuri. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa haujafika.

Tarehe 28 Mei, Jumapili ya Pentekoste, baada ya Komunyo, tulisoma yote: magunia, sabuni, nauli ya mashua, na mwisho, "Mwalimu, jogoo mmoja, deni faranga 40,000." Kanisa likanyamaza, kisha wanafunzi wetu wakacheka, na wazazi wao wakacheka. Uso ulituwaka moto. Lakini baada ya Misa akatujia mtu mmoja ambaye hakuchanga kitu siku ya mnada. Alikuwa na faranga 10,000 mkononi. "Chukua," akasema. "Aliyesoma deni lake mbele ya watu hatakula fedha yangu."

Jumatatu tulimwuza jogoo sokoni kwa faranga 22,000. Zile 18,000 tulizimaliza kwa miezi miwili, na kila tulipolipa mama yule alitia alama yake daftarini.

Basi, wasomaji wapenzi, mkiitwa kuchangisha na siku ni chache, msianze kwa ukumbi na soda. Ombeni kidogo kwa wengi, kila kazi iwe na mwenyewe, na hesabu isomwe kabla watu hawajaanza kuiuliza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na yeye ashikaye daftari, kama ana deni, aanze kusoma la kwake.